Mlezi wa Mtoto Njiti

Mtoto alizaliwa njiti, miezi miwili kabla ya wakati wake, na alipotoka hospitali nyumbani walimwita Bosi, maana watu wazima wote walitembea kwa kunyata kwa ajili yake. Mama yake alikuwa fundi cherehani katika karakana ya sare za shule. Likizo yake ilikuwa ukingoni, na daktari alishamwonya kuhusu mapafu: mafua ambayo mtoto mwingine hayajali, huyu yangeweza kumrudisha kwenye oksijeni.

Fundi akaanza kutafuta mlezi. Kituo cha kulelea watoto kilichokuwa karibu kilipendeza, kuta za rangi rangi, magodoro mapya. Ila kitambaa kimoja kilikuwa kinafuta pua za watoto wanne.

"Vikohozi vya kawaida tu hivi," alisema mwenye kituo. Fundi akaaga kwa adabu, akatoka mbio.

Mama mkwe hakungoja kuombwa. Kasoro yake ilikuwa mapenzi: mgeni hajakaa sawasawa, mjukuu keshawekwa mapajani mwa mgeni huyo.

"Mimi nimelea saba, mwanangu."

"Najua, mama. Lakini wote walitimiza miezi yao."

Bibi akanuna wiki nzima, na kununa kwake si mchezo, hata chai aliikoroga kwa hasira.

Akabaki jirani, mpishi mstaafu wa shule, mwanamke mkavu asiyejua kumbembeleza mtu mzima. Hakumsifia mtoto wala hakuuliza ana kilo ngapi. Alikata kucha mbele yao, akanawa, akauliza, "Nani haruhusiwi kumshika?"

"Yeyote mwenye mafua," alisema Fundi. "Hata awe nani."

"Sawa."

Siku za mwanzo Fundi alishona mwili uko karakana, roho iko nyumbani, kila saa akimpigia Mpishi simu. Mikono ya mashati ilienda kombo, na mkubwa wake akawa anamtazama kwa jicho la pembeni. Aliyekaa cherehani ya pili alikuwa anapiga chafya tangu asubuhi. Mwisho wa wiki Fundi alirudi nyumbani pua inachuruzika, matiti yamejaa, ana hamu ya kumshika mwanawe. Mpishi akasimama katikati ya mlango.

"Una mafua wewe."

"Vumbi la vitambaa tu, dada."

"Kanawe, vaa barakoa, ndipo nikupe."

"Huyo ni mwanangu!"

"Ndiyo. Na mimi sikuja hapa kukuonea haya."

Fundi alitamani kumsukuma. Bosi alikuwa amelala kifuani pa yule mwanamke, mdomo wazi, hana habari na mtu, na mama yake akaona wivu, wivu wa kweli kweli. Akaenda bombani. Alinawa hadi viwikoni huku akilia, asijue ni hasira au ni nini.

Siku aliyopona na kurudi kwenye cherehani yake, alishona hadi saa ya kutoka bila kumpigia mtu simu.