Mahameli Iliyogeuzwa

Mama Futi, fundi cherehani, aliitwa hivyo kwa sababu futi ya kupimia haikuondoka shingoni mwake hata kanisani. Ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Simsengenyi, mwenyewe alijua. Nguo ikimbana mteja, kosa ni la mteja kunenepa. Ikipwaya, basi mteja kakonda kwa wivu. Mumewe aliacha kubishana naye zamani, akabaki kucheka kimoyomoyo.

Basi kwaya ikampa kazi ya majoho ishirini na manne ya mahameli nyekundu. Kitambaa kilitoka kwa mzee mmoja muumini mwenzao, mtu wa maneno machache, mwenye duka ubavuni mwa kanisa. Sasa mahameli, jamani, ina vinyweleo vinavyolala upande mmoja. Vipande vyote visipokatwa vikielekea upande mmoja, mwanga ukipiga rangi zinatofautiana. Mama Futi alilijua hilo vizuri sana. Ila alikuwa amekosea kukadiria kitambaa, na kurudi dukani kusema amekosea, thubutu! Akageuza vipande vya majoho kumi na mawili kichwa chini ili kitambaa kitoshe, akakata, akajisemea nani ataona.

Kanisa zima liliona. Jumapili kwaya iliposimama karibu na madirisha, kumi na wawili waling'aa kama nyanya, kumi na wawili wakafifia kama matofali. Ibada ilipokwisha, mwalimu wa kwaya akamvaa mzee wa duka pale uani mbele za watu: kawauzia majora mawili tofauti, na kazi ya kanisa asahau. Mzee alisikiliza kofia mkononi, akasema tu kwamba anasikitika.

Mama Futi alikuwa hatua tatu kando. Akinyamaza, jina lake linabaki safi na la mzee linachafuka. Aliondoka, akafika mpaka langoni, nakwambia, miguu ikagoma. Aibu ilimchoma, lakini kile kichwa cha mzee kilichoinama kilimchoma zaidi. Akarudi.

"Mwalimu, mwache mzee wa watu. Kitambaa ni kimoja. Nilikigeuza mimi, kwa kiburi changu tu."

Mumewe akaangua kicheko, wengine wakafuata, na Mama Futi mwenyewe akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Mwalimu akamwomba mzee radhi. Wakakubaliana majoho yaliyofifia yakae nyuma na yanayong'aa mbele, na haikupita wiki, kwaya ya jirani ikaja kuuliza mtindo ule umetoka wapi.

Jumatatu baada ya ibada ile Mama Futi akaenda dukani kuomba msamaha. Mzee alikuwa anakunja kitambaa, wala hakuacha kukunja.

"Nauza mahameli mwaka wa thelathini huu, mama. Nilijua umekigeuza tangu kwaya inaingia kanisani."

"Ulijua? Mbona sasa ukakubali kusemwa vile, mzee wangu?"

"Ningekutaja, ungebisha, tungegombana. Nikaona afadhali waniseme mimi kwanza, wewe upate nafasi ya kusema mwenyewe." Akatabasamu. "Nilimwomba Mungu tu usichelewe."

Mama Futi, mwenye jibu la kila kitu, akavuta kigoda cha wateja, akakaa, akaomba maji ya kunywa.