Yolanda na Kongano Lisilo na Korosho

Mimi msinisumbue na habari za kongano. Neno hilo lilipofika kwetu Mikindani, nilidhani ni ugonjwa wa mifugo. Afisa kutoka Dodoma akatueleza kwamba serikali itawaweka wabanguaji wote wa korosho mahali pamoja, penye umeme, mashine na lami. Yolanda akapiga vigelegele kutushinda wote.

Yolanda ni jirani yangu, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita. Kazi ya kubangua aliianza akiwa msichana, akipaka majivu mikononi ili mafuta makali ya ganda la korosho yasimbabue, na bado yalimbabua. Katika banda la uani kwake alitukusanya wajane, walioachwa, na mimi mwenye mume wa kulala tu kutwa. Kazi ile ndiyo iliyotulisha, na alichokuwa akikitaka ni kimoja tu: isife mikononi mwake.

Sharti la kongano lilikuwa kwamba kubangua majumbani kukome. Siku tuliyokabidhiwa jengo, Yolanda alishika nyundo akavunja majiko yetu ya kukaangia korosho kwa mkono wake, huku anaimba.

"Mama Jaime, bakiza hata moja," nilimwambia Yolanda.

"Husna, woga utakuua wewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Kumbe waliojenga jengo ni wizara moja, na wenye kauli juu ya korosho ghafi ni wengine kabisa. Hao walisema korosho zote ziende ghalani, zikauzwe mnadani kwa shehena kubwa. Sisi tulihitaji magunia machache. Msimu mzima Yolanda alizunguka maofisini: mkoani wanamtuma Dodoma, Dodoma wanamrudisha mkoani. Akajaribu kupakia kwenye bajaji korosho za shamba lake mwenyewe, akazuiwa njiani kama mwizi. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini tembo hawa hata kupigana hawakupigana. Kila mmoja alilala upande wake, na nyasi tulikuwa sisi.

Mwaka jana wakaja wakubwa kulitazama kongano. Tukavishwa aproni nyeupe, tukaletewa mfuko wa korosho. Mashine zikanguruma kwa mara ya kwanza, na Yolanda akawa anacheka peke yake kwa furaha. Wageni wakapiga makofi, wakapiga picha, wakapanda magari. Hapo afisa aliyeuleta mfuko akaanza kuzirudisha humo korosho ambazo tulikuwa hatujazibangua.

"Baba, tuachie tumalizie," Yolanda alimwomba.

"Za kuazima hizi, mama. Kesho zinatakiwa kwenye maonyesho mengine."

Nilingoja amtukane. Hakumtukana. Alimshikia mdomo wa mfuko ili zisimwagike.

Tuliporudi uani kwake, penye vifusi vya majiko, wenzetu wakamuuliza kesho tuje saa ngapi.

"Msije," alisema, akaingia ndani.

Tukabaki tumesimama pale tunatazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.