Mafungu ya Chisense

Watoto wangu wawili, vijana sasa, wameinamia simu mezani. Wanapanga likizo yetu ya kwanza ya Ulaya: tulale muji huu, tushuke muji ule, halafu treni. Mimi niko chini na mufuko wa chisense, zile samaki ndogo zilizokaushwa na jua. Nimeufungua, na harufu yake imenirudisha Kashikishi, kando ya ziwa tulikokimbilia, pembeni ya mukeka wa mama.

Wakati ule kaka zangu ndio walikuwa vijana. Tulitaka kuvuka ziwa kusalimia kwetu Kongo, mara ya kwanza tangu tukimbie vita. Kupita kwa ndugu bila kulala ni kumutukana, basi mama aliipanga safari kwa samaki, fungu moja kwa kila nyumba.

"Hii ya shangazi. Hii ya baba mukubwa. Hii kubwa, ya nkambo, mama yangu mimi."

Chisense zilimetameta. Mchanga ulikuwa moto, na mimi nilitembea polepole kati ya mafungu, kama mutu aliyekwisha kufika.

Kisha wavuvi wakaleta habari: ng'ambo vita imeanza tena. Musimu ule wote wa mvua tuliila safari yetu, shangazi kwanza, halafu baba mukubwa. Fungu la nkambo mama hakuruhusu liguswe, mpaka wadudu wakalimaliza.

"Mama, unafanya nini?" binti yangu anauliza. "Kule Ulaya hatujue mutu hata moja."

Najua. Lakini nimekwisha kufunga mafungu, moja kwa kila hoteli. Moja ni kubwa kuliko mengine.