Mgawaji wa Githeri

Siku moja baada ya rais mpya kuhutubia taifa, akitusihi tuungane na tuishi kwa misingi ya pamoja, naibu wa mwalimu mkuu aliamua umoja uanzie kwenye bwalo la shule yetu hapa Nyeri. Meza zikachanganywa. Wanafunzi wa Timau waling'olewa kwenye meza yao, wa mjini kwenye yao, nami nikaketishwa uso kwa uso na jamaa wa Mwea ambaye zamani tulikuwa dawati moja.

Hakuwa amenisemesha tangu kampeni. Nilikuwa nimemwigiza mgombea wake mbele ya darasa, watu wakacheka hadi machozi, naye akahama dawati. Nilijifanya sijali. Uongo mtupu. Mzaha ambao yeye haujibu haukuwa na ladha.

Naibu alitaka kila meza iandike msingi mmoja ambao wote wanaukubali. Mimi nilichaguliwa mgawaji wa chakula, kwa sababu ya mdomo wangu. Nikasimama na upawa mkononi.

"Wananchi wenzangu! Msingi wetu ni huu: mgawaji atachukua sahani ya mwisho!"

Wakanipigia makofi. Ati kiongozi mnyenyekevu!

Lakini githeri ni githeri. Mahindi hukaa juu, maharagwe na viazi huzama. Nikachota juu juu, taratibu, sahani sita za mahindi matupu. Yangu ingekuwa karamu.

Nilipoinua upawa wa saba, jamaa wa Mwea akanishika mkono.

"Wewe, koroga."

"Nikoroge nini?"

"Sufuria! Unadhani kwa kuwa kwetu Mwea tunalima mpunga, tunakula mchele tu? Mnyenyekevu gani huyu anajiwekea maharagwe yote?"

Meza ililipuka. Nilizomewa hadi walimu wakageuka. Nami nilikuwa natabasamu kama mjinga, maana hatimaye alikuwa ananitukana tena, kama zamani.

Nikarudisha githeri ya sahani zote sufuriani, nikakoroga hadi chini.

"Na siku ile darasani," nikamwambia, "nilizidisha. Pole."

"Ulizidisha sana. Gawa, njaa inaniuma."

Kwenye karatasi tukaandika: Koroga kabla ya kugawa. Naibu aliisoma mara mbili, akauliza ni nani mwenye hekima hiyo. Jamaa wa Mwea akanyoosha kidole upande wangu, mdomo umejaa.

"Ni huyu, mwalimu. Tulimkamata akiiba, akatufundisha."