"Mahari Iko Tayari," Mama Mkwe Aliniambia

Admin, ficha jina langu, lakini hasira yangu iache ilivyo. Nina miaka thelathini na mbili, naishi Matisi hapa Kitale na mume wangu na watoto wetu. Kazi yangu ni kuuza na kufunga taa za reli, zile zinazoteleza kwenye reli ya dari, unazigeuza zimulike unapotaka. Mume wangu kwao ni Bungoma, karibu na Kibabii. Tangu tuanze kuishi pamoja hajawahi kukanyaga kwa wazazi wangu, sembuse kupeleka mahari. Nikiuliza, naambiwa nitulie.

Mwezi uliopita mama mkwe alinipigia simu. Anajenga duka la nguo Bungoma, na mimi nilikuwa nimemwahidi taa kama zawadi. Akasema, "Mahari iko tayari. Kuja Jumamosi na watu wako." Mume wangu alikuwa huko kwao wiki hiyo. Nikamwandikia kwamba nakuja na watu wangu, akajibu, "Poa."

Jamani, nililia kwa furaha. Baba alitoa suti yake ya kanisani, mama akaita shangazi zangu, tukakodisha gari.

Tulimkuta mama mkwe dukani na mume wangu, mama vumbi la simiti mpaka kwenye nyusi. Akachungulia nyuma yetu. "Na mafundi wako wapi?"

"Mafundi gani, Mama?"

"Si nilikwambia ulete watu wako wafunge taa? Mahari iko tayari!" Akanyoosha kidole darini.

Kumbe ni mahali! Watu wa huko l na r wanazibadilisha wanavyotaka, na mimi nikasikia nilichokuwa nikingoja. Hilo ningelisamehe. Lakini nilipoeleza kilichotuleta, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamgeukia baba yangu: "Ai, mzee, si kwa vile mmefika utushikie hiyo ngazi kidogo?"

Na mume wangu akacheka pia! Baba, kwa adabu yake, akaanza kuvua koti. Nikamshika mkono, tukarudi Kitale bila kunywa hata maji.

Sasa mume wangu amenuna ati nilimwaibisha mama yake. "Funga taa kwanza, bana, hayo ya mahari tutaongea." Duka linafunguliwa wiki ijayo. Mama mkwe anapiga simu kuulizia taa, wala hajamtaja baba yangu hata mara moja.

Nishaurini, na msinionee huruma. Niende nikamfungie taa ili nilinde hii tunayoiita ndoa, au nimwambie mwanawe abebe nguo zake, akamshikie mama yake ngazi?