Mbwa Wawili na Mstari wa Mawe

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, mbwa wangu mweusi, akiwa amelowa mvua, alijisugua kwenye kanga ya kuswalia iliyotundikwa kwenye kamba uani. Mama mwenye nyumba alikuwa bombani akitia udhu, akaona yote. Hakupiga kelele. Aliniita tu.

Nilikuwa mpangaji wake wa chumba cha uani, Malindi, mwaka wa sita. Mimi ni fundi wa pampu za maji, na kazi hiyo ndiyo iliyonipa mbwa. Huyu mweusi nilimtoa kwenye kisima kikavu huko Watamu. Mwenzake, jike, nilimwokota kando ya barabara karibu na daraja la Sabaki, mguu umesagwa na gari. Daktari wa mifugo aliukata. Mitatu iliyobaki inamtosha. Kwetu bara, nyuma ya Kilifi, mbwa hulala na mbuzi na hakuna anayeuliza. Nyumba ile ilikuwa ya Waislamu, nami niliwaingiza mbwa bila kuwawekea mpaka. Kosa lilikuwa langu.

Niliichukua kanga nikaiosha mbele yake mara saba, ya kwanza kwa maji yenye udongo, nikihesabu kwa sauti. Akaniuliza nani alinifundisha, maana mimi ni Mkristo. Nikamwambia nimesoma katika kijitabu nilichonunua sokoni. Hakutabasamu. Alisema mwezi ukiandama mbwa wawe wametoka, la sivyo tutoke sote watatu. Nikamwomba aniache niwafundishe, siku hiyo aje awatazame, ndipo aamue. Akakubali. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Nilipanga mawe ya matumbawe kwa mstari mmoja, nikaukata ua: upande wa bomba, kamba na jiko ukawa wake, upande wa mlango wangu ukawa wetu. Kila asubuhi na jioni, robo saa, niliwafundisha wasiuvuke, na kila jaribio nililiandika kwenye daftari. Anayekaa anapata dagaa mmoja. Anayevuka hapati kitu, tunaanza upya. Jike alielewa siku ya nne. Mweusi alichelewa, na daftari ndilo lililonionyesha sababu: alikosea kila nilipoinua mkono. Aliwahi kupigwa, sijui na nani. Nikaacha mkono, nikawa nagonga ulimi tu. Tangu hapo alinitazama mdomoni bila kupepesa, na akaacha kukosea.

Jirani muuza mkaa alikuwa akichungulia juu ya ukuta. "Fundi, chuo chako kinahitimisha lini? Nikashone joho?"

Asubuhi iliyofuata kuandama kwa mwezi, mama alikuja na kigoda na sahani ya samaki changu wa kukaanga. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akaiweka sahani hatua moja tu kutoka kwenye mstari, upande wake, akaketi. Mimi akaniamuru ninyamaze, nisigonge hata ulimi.

Mate yalimtiririka mweusi mpaka kifuani. Jike alitetemeka kwa miguu yake mitatu. Hakuna aliyeinuka. Kisha paka wa mama, anayelala kitandani kwake, akatoka jikoni, akamnyakua changu, akapita mkia juu mbele ya pua zao. Hata hapo hawakuvuka.

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa mtandio. "Huyu nimemlea mwenyewe, na ameniaibisha," akasema. "Haya, mwanangu, wakae. Ila bakuli lao nisilione bombani kwangu."

Nilichuchumaa nikawashika vichwa vyote viwili. Nimefufua pampu zilizowashinda mafundi wenye vyeti, lakini sijawahi kujivunia kitu kama vile wale wawili walivyokaa bila neno langu.

Baadaye nilifuta kwenye daftari hesabu ya kuhama: chumba nilichokwisha kuulizia Kilifi, amana ya miezi miwili, gari la mizigo. Nikitoa bei ya dagaa wote waliowala, niliokoa shilingi elfu thelathini na mia tisa.