Jiwe la Kishungi

Nilipokuwa mtoto kule Chome, enzi za Mwingereza, bibi yangu mzaa baba alikuwa na sheria moja kuhusu kuku: usikombe kiota. Chukua mayai, bakiza moja. Ukikomba, kuku atakwenda kuwatagia wazee wa mpungi, msitu mtakatifu wa ukoo uliokuwa juu ya shamba letu. Watoto tulikatazwa hata kuokota kuni humo.

Mama alikuwa ndiyo kwanza amebatizwa, naye alikuwa mkali kama waumini wapya walivyo. Lile yai la kubakizwa aliliona kuwa sadaka ya mizimu. Akakomba kiota.

Haukupita muda, Kishungi akaacha kutaga. Alikuwa kuku wangu. Shangazi alinipa akiwa kifaranga, nikamlea kando ya mafiga msimu wa baridi. Mama alimpa mchwa, akampa pumba za uvuguvugu, akabadilisha majani makavu ya mgomba kiotani. Hakuna yai.

"Kuku asiyetaga ni mboga," baba akasema. "Jumapili tuna wageni wa ubatizo wa mtoto wetu mchanga."

Bibi alikuwa akimenya ndizi. "Anataga, ila si kwenu."

"Mama, yaache hayo," mama akamwambia mkwewe.

"Mimi nimeyaacha, Mama Nakunda," bibi akajibu, akimwita kwa jina langu. " Kuku ndiye hajayaacha."

Nililia. Baba, aliyechoshwa na kilio changu, akasema nikimwonyesha yai, kuku atapona.

Kesho yake nilimfuata Kishungi tangu alipotoka jikoni. Alipita migombani, akaruka mfereji, akaingia mpungi na kupotelea nyuma ya mizizi ya mti mkubwa. Nilisimama mpakani katika ukungu. Baadaye akatoka akitetea kwa nguvu, kama mtu aliyemaliza kazi yake. Bibi alikuwa amesema kweli, na yai lenyewe sikuweza kulifuata.

Nilikimbia kwa bibi, nikamwomba aingie yeye.

"Huko mimi siingii bila wanaume wa ukoo," akasema, "na hao hawaingii kwa ajili ya yai. Twende mferejini."

Akachagua majini jiwe jeupe, laini, ukubwa wa yai. Akaliweka kiotani, na asubuhi akamfunika Kishungi hapo hapo kwa tenga. Mama akaliona.

"Na hili sadaka ya nani?"

"Ni jiwe. Au huko kanisani wamekataza na mawe?"

Mama akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka mbele ya mkwewe. Jiwe likabaki.

Jumamosi mchana Kishungi alitetea chini ya tenga. Yai lilikuwa la moto bado, limelala ubavuni mwa jiwe. Nilimpelekea baba kwa mikono miwili. Akaligeuzageuza.

"Basi wageni watakula jogoo," akasema.

Nimefuga kuku miaka mingi sasa, nami sidhani kwamba wazee wa mpungi walihitaji mayai yetu. Kuku akikuta kiota kitupu kila siku, anaona mahali hapo hapafai, anahama. Bibi alikuwa ameliona jambo hilo kwa macho yake, ila hakuwa na namna nyingine ya kulieleza. Mama naye hakukosea kukataa sadaka. Alikosea kudhani yai lilikuwa sadaka tu. Wote wawili walikuwa na sababu zao. Aliyekaribia kuchinjwa ni Kishungi.

Mama alipokuja kukaa nami hapa Same anisaidie watoto, alilileta jiwe lile limefungwa kwenye pindo la kanga. Liko kiotani nyuma ya nyumba. Juzi binti yangu aliniuliza kama ni uganga. Nilikuwa na unga mikononi na mtoto mgongoni. Nikamwambia alete mayai, jiwe aliache.